Likasi inatuma katodi nje kila siku, vyoo vya shule vinabaki gizani

LIKASI, Haut-Katanga – Mtu akisimama asubuhi kando ya barabara ya taifa namba 1, upande wa kutokea mjini kwenda Lubumbashi, hatangoja sana kabla ya kuona lori limebeba mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma. Hapa Likasi hakuna haja ya kumweleza mtu kile ni nini. Hata mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba ni katodi. Baba yake alizitengeneza, au babu yake, au jirani. Zinaelekea Kasumbalesa, zinavuka Zambia, zinakwenda baharini.

Jioni ya siku hiyohiyo, delestaji ikipita Kikula au Panda, mtoto yule akitaka kwenda msalani anaazima simu ya mama yake ili apate tochi. Simu ikiwa haina chaji, anabana hadi kukuche. Kwa wasichana ni vibaya zaidi. Choo kisicho na taa ni mahali ambapo mtu asiye na nia njema anaweza kusimama bila kuonekana, na kila mzazi anajua hivyo bila kuambiwa.

Kuna katodi nyingine ambayo haipandi lori. Inatengenezwa kwa kaboni, ndugu wa karibu wa makala, ule mkaa unaowaka kwenye mbabula ya kila nyumba. Kazi yake ni kusaidia kutoa umeme kidogo kutoka kwenye mkojo na maji machafu. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba kitu hiki ni cha wenye pesa kwa sababu kinahitaji platini. Sababu hiyo ilikufa mwaka 2009. Likasi, mji ulioishi na elektrolizi kwa karibu miaka mia moja, hauna tena kisingizio cha bei. Kinachokosekana ni nia, na wanaotakiwa kuwa na nia hiyo wana ofisi zinazojulikana.

Katodi ya Shituru na katodi ya choo

Kiwanda cha Shituru kilianza kutoa shaba kwa elektrolizi mwaka 1929, wakati mwenye kila kitu akiwa Union Minière. Wazee wa Gécamines wanaijua kazi yenyewe kwa mikono yao. Madini yanayeyushwa ndani ya asidi, maji yale yanaingizwa kwenye mabeseni, umeme unapitishwa, na shaba inajibandika kwenye katodi. Umeme unaingia, shaba inatoka.

Seli ya vijidudu inageuza safari hiyo. Ndani ya chombo kilichojaa mkojo au maji ya choo kuna bakteria wanaokula uchafu. Wakila, wanabaki na elektroni ambazo lazima wazitoe, kama mtu anavyolazimika kutoa pumzi aliyovuta. Penye oksijeni, wanaipa oksijeni. Pasipo na oksijeni, aina fulani za bakteria, kama wale wanaoitwa Geobacter, wanaziacha kwenye kitu kigumu kinachopitisha umeme. Kitu hicho ndicho anodi. Elektroni zinapita kwenye waya, zinapita kwenye taa, zinafika kwenye katodi. Huko oksijeni ya hewa inazipokea, inaungana na protoni, inakuwa maji. Uchafu unaingia, umeme kidogo unatoka, na maji yanayobaki yana uchafu mdogo kuliko yalivyoingia.

Shida iko kwenye hatua ya mwisho. Oksijeni ni nzito kupokea. Bila kichocheo cha kuisaidia, elektroni zinafika mlangoni na kusongamana pale, na taa inafifia. Kichocheo kilichosifiwa kuliko vyote kilikuwa platini, madini ya pete za matajiri. Kuweka platini ndani ya choo cha shule ni kichekesho. Kwanza hakuna shule ya Likasi inayoweza kuinunua. Pili, isingelala humo siku mbili.

Sababu iliyokufa

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1911, Michael Cresse Potter, mtaalamu wa mimea huko Durham, Uingereza, alionyesha kwamba vijidudu vinavyoozesha vitu vinaweza kutoa umeme. Alitumia elektrodi za platini. Mwaka 1964, Raymond Jasinski wa Marekani alionyesha kwamba kiungo cha kemia chenye kobalti ndani yake kinaweza kuisaidia oksijeni kupokea elektroni. Tangu hapo watafiti wa nchi nyingi wamepaka kobalti au chuma juu ya kaboni ili waachane na platini.

Congo inatoa karibu sehemu saba kati ya kumi za kobalti yote ya dunia. Kwa hiyo dawa ya katodi inachimbwa chini ya miguu ya mtu wa Likasi, na siku moja atauziwa hiyohiyo ikiwa ndani ya kichupa cha maabara.

Lakini hata kobalti si lazima. Mwaka 2009, kundi la watafiti pamoja na Bruce Logan wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, Marekani, lilichukua makala amilifu, yaani kaboni iliyofunguliwa vitundu vidogo sana kwa joto kali. Waliichanganya na Tefloni, mtu huyohuyo wa utepe mweupe ambao fundi wa bomba anazungushia kwenye nyuzi, wakaigandamiza kwenye wavu wa nikeli. Hawakuweka platini wala madini mengine ya kuchochea. Katodi yenye platini ilitoa wati 1.06 kwa kila mita moja ya mraba. Ile ya makala amilifu ilitoa wati 1.22.

Makala yaliipita platini. Matokeo hayo yalichapishwa wazi, na baadaye katodi za aina hiyo zikatengenezwa hata kwa wavu wa chuma kisichopata kutu badala ya nikeli.

Siri iko kwenye vitundu. Gramu moja ya makala amilifu ina eneo la ndani linalofika mita za mraba mamia kadhaa, wakati mwingine kupita 1,000. Ndani ya vitundu hivyo hewa, maji na kaboni vinakutana, na oksijeni inapata mahali pengi pa kupokelea. Kaboni yenye nitrojeni kidogo ndani yake inafanya kazi vizuri zaidi.

Hapa pasiwe na udanganyifu. Makala ya gunia linalouzwa sokoni si makala amilifu. Yakitoka kwenye tanuri la msituni, vitundu vyake vingi bado vimefungwa. Ili kuvifungua, yanapaswa kupashwa moto wa nyuzi 800 hadi 900 huku mvuke wa maji ukipita ndani yake, au kutibiwa kwa kemikali kali kisha kuoshwa. Hiyo ni kazi ya tanuri, kipimajoto na mtu makini. Je, kazi ya tanuri ni ngeni kwa mji wenye Shituru, wenye karakana za Panda, wenye mafundi waliofundishwa kuchomelea na kupima asidi tangu ujana wao?

Kisoro imekwisha kuona

Kuna wanaosema hayo ni mambo ya maabara za wazungu, hayawezi kufanya kazi kwenye choo cha Afrika. Wawaulize watu wa Kisoro, mji wa Uganda ulio karibu na mpaka wa Bunagana, ambao wafanyabiashara wa Rutshuru wanaujua vizuri. Mwaka 2017, timu ya Ioannis Ieropoulos kutoka Chuo Kikuu cha West of England, Bristol, ilifunga seli hizi kwenye vyoo vya shule ya sekondari ya wasichana ya Seseme. Mkojo wa wanafunzi ukawasha taa za vyoo vyao usiku. Timu hiyohiyo ilikuwa imechaji simu kwa mkojo mwaka 2013, na mwaka 2015 iliwasha taa za vyoo kwenye tamasha la Glastonbury. Elektrodi zake ni za kaboni, bila platini.

Kwa hiyo swali la kama kitu hiki kinaweza kuwasha taa ya choo limekwisha kujibiwa, tena jirani na mpaka wa Congo. Swali lililobaki ni nani anatengeneza kaboni yake. Seli zikiletwa kwenye sanduku kutoka Ulaya, siku katodi inapochoka shule inangoja sanduku jingine. Kila mtu anajua mwisho wa hadithi za aina hiyo: pampu ya kisima iliyokosa kipuri kimoja, kompyuta zilizofunikwa kitambaa ndani ya ofisi ya mkuu wa shule. Wageni wanakuja na bango, picha zinapigwa, utepe unakatwa, na baada ya miezi kadhaa bango ndilo linalobaki limesimama.

Wanaosema wangoje umeme wa kweli

Hoja ya kwanza dhidi ya jambo hili ni nzito na inastahili jibu. Inasema kwamba kuwasha choo kwa mkojo ni Artikle 15 nyingine. Serikali inashindwa, raia anaambiwa ajitafutie. Leo ni taa ya choo, kesho ataambiwa ajijengee barabara. Bora kudai umeme wa SNEL mpaka ufike.

Kudai ni haki, na asiache mtu kudai. Lakini watu wa Likasi wamengoja tangu lini? Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kutoa umeme mwaka 1930, na lilijengwa kwa ajili ya viwanda vya Union Minière. Laini ya Inga, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilifika Kolwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na yenyewe pia kwa ajili ya migodi. Mitambo ya Mwadingusha ilipokarabatiwa hadi kufikia uwezo wa megawati 78 mwaka 2021, ilikuwa kazi ya SNEL pamoja na wenye mgodi wa Kamoa-Kakula, kwa sababu mgodi ulihitaji umeme. Kila mara waya umepita juu ya vichwa vya watu kwenda kwenye shaba.

Hesabu yake si ngumu. Kutoa tani moja ya shaba kwa elektrolizi kunakula kama kilowati-saa 2,000. Taa ndogo ya wati 1 inayowaka saa 12 kila usiku inakula kilowati-saa 4.38 kwa mwaka mzima. Umeme wa tani moja ya katodi ungewasha taa zaidi ya 450 za vyoo kwa mwaka. Lori moja la tani 30 ni taa zaidi ya 13,000. Asiseme mtu kwamba umeme wa kuwasha vyoo vya Likasi haupo. Upo, na umepewa kazi nyingine.

Ndiyo maana taa ya mkojo haifuti deni la mtu yeyote. Shule inaweza kuwasha choo chake leo na bado ikadai waya kesho. Kumwambia msichana wa miaka 13 akae gizani ili madai ya watu wazima yabaki na nguvu ni kumtumia yeye kama bango la maandamano.

Wanaouza ndoto

Kundi la pili ni hatari kuliko la kwanza, kwa sababu linajifanya rafiki. Ni wale watakaosikia habari hii na kesho yake wakapanda jukwaani kutangaza kwamba mkojo utamaliza delestaji.

Wapigiwe hesabu. Reso ya umeme ya kupikia bukari inataka kama wati 1,000. Kwa wati 1.22 kwa mita ya mraba, inahitaji mita za mraba 820 za katodi, karibu viwanja viwili vya basketi, kwa sufuria moja ya familia moja. Na wati 1.22 ni matokeo ya maabara kwenye hali nzuri kabisa. Ndani ya choo halisi, chenye baridi ya Juni na wiki za likizo bila wanafunzi, yatakuwa chini ya hapo. Seli moja ikifanya kazi inatoa chini ya nusu volti, kwa hiyo lazima seli nyingi ziunganishwe na umeme uwekwe akiba kidogo kidogo kabla ya kuwasha taa.

Kitu hiki ni cha taa ya choo, labda na simu ya mlinzi. Anayeahidi zaidi ya hapo anauharibu mradi kabla haujaanza, maana watu wakingoja friji na kuona taa moja, wataitukana hata ile taa.

Na paneli ya jua je?

Hii ni hoja ya mafundi, na ina ukweli. Kama kinachotakiwa ni taa peke yake, paneli ndogo ya jua na betri ni rahisi zaidi leo. Shule iliyo nayo iitumie.

Lakini paneli haigusi kilicho ndani ya shimo. Mwaka 2008 kipindupindu kilipiga Likasi na Lubumbashi, na tangu hapo hakuna mama wa mji huu anayehitaji kufundishwa hatari ya maji ya choo. Seli ya vijidudu inafanya kazi kwenye uchafu wenyewe: bakteria wanaula, na mzigo unaobaki unapungua. Haiui vidudu vyote vya magonjwa, na asitokee mtu wa kusema maji yake yanafaa kunywa au kunawa. Ni hatua moja ya kusafisha, ambayo badala ya kula umeme inatoa kidogo. Zaidi ya hapo, paneli inakaa juu ya paa, kila mwizi anaiona. Katodi ya makala iliyolowa mkojo haina mnunuzi sokoni.

Kuna jambo jingine lisilosemwa. Paneli inanunuliwa ikiwa tayari, na mwanafunzi anajifunza kuifuta vumbi. Katodi ya kaboni mwanafunzi wa kemia wa Likasi anaweza kuitengeneza, kuipima, kuiharibu na kuitengeneza tena. Mji huu umefundisha kemia kwa vizazi ili kuwatumikia wenye madini. Mara moja kemia hiyohiyo iwatumikie wenye mji.

Msitu usiguswe

Wapenda misitu nao watauliza, na wana haki. Miombo inayozunguka Lubumbashi na Likasi inaliwa na makala. Kila gunia ni miti iliyoanguka. Je, sasa ianguke kwa ajili ya vyoo?

Hapana, na wala haihitajiki. Kwanza, kiasi ni kidogo. Katodi inahitaji mamia ya gramu za kaboni kwa mita ya mraba, wakati jiko la nyumba moja linamaliza kiasi hicho kabla bukari haijaiva. Pili, kaboni haimjui mama yake. Makala amilifu yanatengenezwa kwa vifuu vya nazi kwenye nchi za pwani, na magunzi ya mahindi yamethibitika kufaa pia. Katanga inakula bukari kila siku ya Mungu, na magunzi yanatupwa au yanachomwa. Mwaka 2014 watafiti wa Colorado, Marekani, walitumia makaa ya mabaki ya mbao kama elektrodi za seli hizi, na nguvu waliyopata haikuwa mbali na ile ya kaboni ya kununua. Likasi isikate mti hata mmoja kwa kazi hii.

Tatizo ambalo Bristol haitalitatua

Lipo jambo moja ambalo ni la Likasi peke yake, na ndilo linaloonyesha kwa nini majaribio lazima yafanyike hapa. Shaba ni sumu kwa vijidudu vingi. Maji ya choo yakichanganyika na maji yenye mabaki ya viwanda, bakteria wanaweza kufa na seli ikanyamaza.

Na madini hayako kwenye mito tu. Mwaka 2009, Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti kuhusu watu wa Katanga. Walikuta kobalti kwa wingi kwenye mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda, wakiwemo watoto. Kobalti imeingia mpaka ndani ya miili. Je, mkojo wa namna hiyo unawafanya nini bakteria wa seli? Utajibiwa na kipimo kilichofungwa kwenye choo cha Shituru au Panda, pamoja na chumba cha maabara cha chuo kikuu. Na kipimo hicho kitafanya kazi ya pili: kitawaambia wazazi watoto wao wanakojoa nini.

Udhaifu mwingine unajulikana tayari. Katodi za makala amilifu hazidumu na nguvu ileile. Baada ya miezi, utando wa vijidudu na chumvi unaziba vitundu, na umeme unashuka. Kuisafisha kwa asidi dhaifu kunarudisha sehemu ya nguvu, kisha siku inafika ya kuibadilisha. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutengeneza kaboni hapahapa. Kitu kinachochoka kinahitaji fundi wa karibu.

Pesa ipo, iulizwe

Atakayesema hakuna pesa afungue Kodi ya Madini, sheria iliyorekebishwa mwaka 2018. Inaamuru kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi. Inaamuru pia asilimia 15 ya redevansi ya madini iende kwa serikali za mitaa za mahali mgodi ulipo, na asilimia 25 kwa jimbo. Na kuna daftari la masharti ambalo kampuni inatakiwa kusaini pamoja na jamii, likieleza itafanya nini na lini.

Kinachotakiwa kuandikwa ndani ya daftari kama hilo ni kidogo kuliko bei ya gari moja la mkubwa. Choo kimoja cha shule katika kila komuni: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Tanuri moja dogo la kuamsha kaboni ya magunzi, likae Chuo Kikuu cha Likasi au kwenye shule ya ufundi, chini ya mtu anayejulikana. Vipimo vya volti na vya usafi wa maji, kila mwezi kwa miezi 12, ili msimu wa baridi, msimu wa mvua na likizo vyote vionekane. Na matokeo yabandikwe kwenye mlango wa choo, hata yakiwa mabaya. Katodi ikifa mwezi wa tano, iandikwe kwamba imekufa mwezi wa tano na kwa nini. Mradi unaoficha matokeo mabaya unafaa kwa picha tu.

Meya hahitaji kungoja Kinshasa kwa hayo. Chuo hakihitaji kungoja profesa kutoka Ulaya. Kampuni haiwezi kusema haijui katodi ni nini.

Wazazi nao wana kazi. Kwenye mkutano ujao wa komite ya wazazi, kabla ya habari za michango na sare, yaulizwe maswali mawili. La kwanza: asilimia 0.3 ya kampuni iliyo karibu na shule hii imefanya nini mwaka huu, na iko kwenye karatasi gani? La pili: kwa nini choo cha watoto hakina taa? Jibu likiwa kwamba teknolojia ni ghali, mzazi asimame aseme kwamba platini ilishindwa na makala mwaka 2009, na wasichana wa Kisoro walikwisha kwenda msalani kwenye mwanga tangu 2017. Kisha aombe jibu jingine, liandikwe kwenye kitabu cha mkutano, na lisainiwe.